Utepe wa Ketill

Ketill alipostaafu aliacha vitu vitatu:
kikombe kisicho na mkono,
funguo za stoo ya chumvi ya barabara,
na utepe wa karatasi pembeni mwa kioo cha kompyuta,
wino wa buluu, herufi zimelala ubavu:
jina la kompaila, nafasi, kistari,
herufi kubwa O na tatu, nafasi, kistari,
kizazi cha kadi, sitini,
na jina la faili: THELUJI.

Majira matatu ya baridi, huku fiordini, Isilandi,
nimeuandika mstari ule bila kuutazama,
kama mtu afungavyo kamba za viatu.

Kompaila haina hodi wala karibu.
Huisalimu, huiambii habari za nyumbani.
Unaiamuru, inameza, na ikikubali haisemi neno:
kishale kinarudi kushoto, kinapepesa, basi.
Ikikataa ndipo inapopata ulimi,
inakuhesabia makosa mstari kwa mstari
kama mkopeshaji mwenye daftari.

Niliupenda ukimya wake.
Niliuona ni heshima.

Januari hii kadi ya zamani iliungua.
Harufu ya plastiki, kisha giza.
Wizara ikasema tusubiri bajeti. Mlima haukuambiwa.
Nikanunua ya Sindri, kijana wa kiwanda cha samaki,
aliyekuwa akiitumia kuua mazimwi usiku kucha;
sasa ana mchumba, anataka fedha taslimu.
Nikaipangusa vumbi na manyoya ya paka.

Usiku wa tarehe kumi na tisa upepo ukageukia kaskazini-mashariki.
Nikaandika mstari wa Ketill. Ukimya.
Nikauendesha mlima:
punje milioni nne za theluji, kila punje na uzi wake,
nyuzi thelathini na mbili, thelathini na mbili,
zikipiga hatua moja kama mtande kitandani mwa mfumi,
mmoja ukichepuka, wenzake wanausubiri.

Jibu lilirudi upesi mno.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.
Mteremko mzima, toka ukingoni hadi uzio wa chekechea,
sifuri.

Arnbjörn wa barabara akapiga simu: "Nifunge?"
Nilikaribia kusema usifunge.
Neno lilikuwa limeshavaa viatu.
Lakini dirishani bendera ya bandari ilinyooka kama ubao,
na ni mlima gani, katika upepo ule,
usiomwaga hata kijiko?

"Nipe dakika kumi."

Nikaongeza sentensi moja kwenye faili,
ile ambayo Ketill hakuiandika
na mimi sikuwahi kuiulizia:
kama kuna kosa, sema.
Na mashine, iliyojua tangu mwanzo, ikasema:
kiini hiki hakikujengwa kwa kifaa hiki.

Nyuzi hazikuwahi kunyanyua mguu.
Nilikuwa nimesoma kumbukumbu tupu
nikaiita utulivu.

Nikafuta sitini, nikaandika themanini na sita.
Sekunde arobaini feni ilinguruma,
kikombe cha Ketill kikatetemeka mezani,
na theluji ikaanza kushuka ndani ya nambari:
mbili, tisa, kumi na saba,
ikavuka barabara, ikalaza uzio,
ikasimama kwenye bembea.

"Funga," nikasema.
Akauliza nina hakika kiasi gani.
Nikamwambia hakika sina,
nina nambari zinazosogea.
Nikasikia akivaa koti.

Asubuhi mlima ulikuwa bado umekaa, mzito, haujamwaga kitu.
Dereva wa lori la samaki alinitukana mbele ya duka la mikate
watu wakisikia, na haki alikuwa nayo:
chewa hangoji mtu.
Barabara tuliiacha imefungwa.

Utepe nimeubandua. Gundi imeacha alama ya njano kiooni.
Mpya sijauandika. Kalamu ninayo mkononi,
najaribu kukumbuka kama ile kadi ya akiba kabatini
ni ya kizazi gani.